Saa Sitini na Mbili

Wenye kuitikia Bwana asifiwe nawasalimu, wenye kuitikia asalaam aleikum nawasalimu, na ninyi mliokuja kwa sababu ya chai nawasalimu pia. Mwenyekiti alinipa dakika kumi. Niliomba thelathini. Tumekubaliana ishirini, na kila mmoja wetu anaamini amemshinda mwenzake. Mko hamsini na tatu humu ndani. Nilipohesabu mara ya kwanza mlikuwa hamsini na mbili, nikarudia, kumbe kuna mtu nyuma ya nguzo.

Mnanijua kwa kazi ninayofanya sasa, kuwasaidia watu waliopoteza usemi na watoto waliochelewa kuongea. Kuna mama mmoja hapa Mkonze huwa ananitambulisha kwa wageni kama daktari wa maneno, na mimi simsahihishi. Nimeombwa nieleze nilifikaje huko. Nitaeleza, pamoja na mahali nilipoanguka, na nilianguka kwa miguu yangu mwenyewe, sikusukumwa. Majina sitataja. Wengi wao wako hai na bado tunahitajiana.

Shahada yangu ya kwanza ni ya kilimo. Udongo na mazao. Nilipomaliza nikaajiriwa na shirika moja la umma mjini, nikawekwa kwenye mizani. Gunia la karanga linapimwa likiingia ghalani, linapimwa tena likitoka, na namba zisipolingana hakuna anayekwenda nyumbani. Tabia yangu ya kuhesabu kila kitu mara mbili ilianzia pale, msidhani ni ugonjwa.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Milango ya biashara ikafunguliwa, na mlango wa shirika letu ukafungwa. Mwezi mmoja nilikuwa ofisa nina kiti kinachozunguka, mwezi uliofuata niko sokoni nauza mitumba ya watoto, nimekalia robota. Sikulia sana. Kupatana bei nilikufahamu tangu utotoni, maana baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa asali kule Kondoa, na mimi ndiye niliyekaa naye gengeni. Alikuwa na mtindo wake. Akishataja bei, ananyamaza. Mteja analalamika, anaondoka, anarudi, anaapa kwamba kwa jirani ni nusu ya hiyo. Baba kimya, anamtazama kwa upole kama mtu anayesubiri mvua. Mwishowe mteja anaongeza mwenyewe.

Mwanamume huyo ndiye aliyepata kiharusi. Ilikuwa asubuhi, anapakia madebe ya asali. Mkono wa kulia ukalala na maneno yakaondoka. Tukamleta kwangu Mkonze, akakaa nasi.

Ndugu zangu, nawaambia, nilidhani mtu akipoteza usemi anakuwa bubu, basi. Sivyo. Baba alibaki na vipande. Ukimwambia shikamoo anajibu marahaba, safi kabisa, mpaka unasema mzee amepona. Alhamdu aliisoma mwanzo hadi mwisho bila kukosea, lakini akitaka maji ya kutawadha hana neno. Kugombana kulibaki pia, kwa Kirangi, na sitawatafsiria. Na kuhesabu kulibaki. Ila ukimuuliza ana watoto wangapi, anaanza moja, mbili, tatu, anafika saba ambayo ndiyo idadi yetu, anapita, anakwenda zake mpaka ishirini kama gari lililokatika breki. Analijua kosa. Unaliona usoni. Lakini namba zinaendelea kutoka.

Wageni walikuja kumwona. Wakamsemesha kwa sauti ya juu kama mtu aliye ng'ambo ya korongo, au kwa sauti nyembamba ya kubembelezea watoto. Wengine walimmalizia. Akisema “ma—”, mmoja anasema maji, wa pili anasema maziwa, wa tatu anasema mama, wakashindana mpaka mzee akageukia ukutani. Alikuwa anataka mashuka yabadilishwe. Nililijua hilo baadaye sana, kwa aibu.

Siku moja akaja mtu kununua asali iliyobaki. Akataja bei ya kuchekesha. Mimi kabla sijafungua kinywa, baba kutoka mkekani akasema, “Haitoki.”

Tukageuka wote. Yule mteja hakujua kilichotokea, akaongeza bei kidogo. Baba akasema tena, “Haitoki.” Aliuza asali yake yote siku hiyo kwa neno moja, na nilimpa mkono kama ninavyompa mfanyabiashara mwenzangu.

Kuanzia hapo kila asubuhi nilipatana naye bei. Sabuni, viatu, kuku wa jirani ambaye hakuwa wetu. Nilijiona mganga. Nikataka maneno kumi kwa wiki, nikamshika kidevu na kumwambia sema, sema, baba, sema kikombe. Akakitupa hicho kikombe. Sikuwa najua ninachokifanya, na nilikuwa nakifanya kwa nguvu.

Ndipo nikasikia kuna kituo kidogo njia ya kwenda Chamwino, na pale kuna dada mmoja aliyesomea nje tiba ya usemi. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, mpole, ana kioo cha mkononi na bunda la picha. Alimwonyesha baba picha ya kuku. Baba akaitazama vizuri, akasema, “Marahaba.”

Dada hakucheka. Mimi nilicheka, na baba akacheka. Kisha dada akaweka picha mezani, akakaa kimya. Mimi pia nikakaa kimya, maana mtu mwingine akinyamaza mezani ninajua la kufanya. Tukakaa watatu namna ile. Baba akahangaika, akatoa jasho, akasema, “Ku. Kuku.”

Tulipotoka yule dada akanishika mkono.

“Mama, umefundishwa na nani kungoja?”

“Kungoja nini?”

“Ndugu wote wanaoleta wagonjwa hapa wanamrushia mgonjwa neno. Wewe umengoja.”

“Dada yangu, mimi ni mtu wa sokoni. Nilikuwa nasubiri ataje bei.”

Aliniambia kuna chuo huko nje kinachopokea watu waliosomea mambo mengine kabisa, wakafanya shahada ya pili ya kazi hii, na kwamba nchini kwetu wa kazi hii unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nilivihesabu njiani. Nikavirudia. Ni kweli, vidole vilibaki.

Nikaandika kuomba fomu, ikaja. Mume wangu ni karani, na karatasi yoyote anaisoma mpaka chini kabisa palipo na jina la mpiga chapa. Akaisoma.

“Wanapendelea mtu aliyesomea lugha, au saikolojia. Wewe una udongo.”

“Udongo nao una tabia zake.”

“Wanataka barua ya kueleza kwa nini unahama fani.”

“Hiyo nitaandika. Fani ndiyo iliyonihama.”

“Na wanataka saa mia moja za kumtazama mtaalamu akifanya kazi. Zisainiwe na mtaalamu mwenyewe, na fomu yake aitume yeye.”

Jirani yangu wa meza pale sokoni, muuza vitenge, aliponisikia aliuliza nataka kwenda kusomea nini. Nikamwambia kuongea.

“Wewe?” Akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. “Mwenzangu, sisi hapa tungechangishana ukasomee kunyamaza.”

Lakini meza yangu aliilinda yeye. Kila Jumanne na Alhamisi nilimwachia nguo zangu, nikampeleka baba kituoni, yeye akafanyiwa mazoezi na mimi nikakaa pembeni na daftari. Niliandika nani alikuja, alijaribu kusema nini, dada alifanya nini, alingoja kiasi gani. Mtoto mwenye mdomo sungura aliyeshonwa, anayejifunza kupuliza kipande cha pamba mezani. Kijana mwenye kigugumizi ambaye hakuwahi kununua kitu dukani kwa mdomo wake. Na baba, anafundishwa kushika breki: ahesabu, na akifika kwenye namba anayoitaka aweke kiganja chini kwa nguvu, hapo hapo, asimame. Alishindwa wiki baada ya wiki. Kiganja kinashuka, mdomo unaendelea.

Siku ya mwisho ya kutuma maombi ikakaribia. Nikahesabu saa zangu. Sitini na mbili. Nikahesabu tena. Sitini na mbili.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa ninyi mnaofanya biashara, maana wengine hawataelewa. Sokoni namba ya kwanza hatuihesabu kuwa uongo. Ni kama kupiga hodi. Hakuna anayeanza na bei anayoitaka. Ukianza nayo mwenzako anakuona mgonjwa. Nikaitazama ile fomu yao, nikaona wamesema mia. Nikajisemea, hawa wanataka sabini hivi, hakuna anayesema mia kama anataka mia. Nikisema sitini na mbili wataikata, nitabaki na thelathini. Nikisema mia na ishirini, watapunguza wanavyojua wao, tutakutana mahali pazuri na kila mtu ataondoka na heshima yake.

Nikaandika mia na ishirini. Kwa wino. Nikafunga bahasha, nikaipeleka posta, nikasikia inaanguka ndani ya sanduku. Nililala vizuri siku hiyo, na hilo ndilo linalonisikitisha mpaka leo.

Alhamisi nikampelekea dada fomu yake aisaini. Nilikuwa nimeijaza sehemu za juu ili nimpunguzie kazi. Akaisoma. Akafunika kalamu.

“Mama, hii ni mia na ishirini?”

“Ndiyo.”

“Na saa zenyewe ni ngapi?”

“Sitini na mbili. Lakini hiyo ni ya kuanzia tu, dada. Watapunguza.”

“Nani atapunguza?”

“Wao.”

Alinyamaza, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilishindwa na ukimya. Nikaanza kueleza. Nilieleza soko, nikaeleza marobota, nikaeleza asali. Aliningoja mpaka nikaisha.

“Mama,” akasema, “hapa nikiandika mzee ametamka maneno kumi, keshokutwa mwenzangu atafungua faili hili na kuanzia kwenye kumi. Hatapunguza. Kama yalikuwa matano, mzee ataumia, na hataweza kumwambia mtu kwa nini anaumia. Sisi wagonjwa wetu hawawezi kutukanusha.”

“Fomu yangu nimeshaituma.”

“Basi umeniweka mahali pabaya. Nikiandika kweli nakuumbua, nikiandika yako najiumbua.” Akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko tusi. “Mzee nitaendelea kumtibu. Wewe Jumanne usije na daftari.”

Nimefukuzwa kazi na shirika zima, ndugu zangu, na sikuona haya kama niliyoiona nikipanda gari na baba yangu siku hiyo. Alikuwa amekaa pale pale chumbani. Alisikia kila kitu. Watu husahau kwamba aliyepoteza kusema hajapoteza kusikia, na siku hiyo hata mimi nilisahau.

Kesho yake, Ijumaa, asubuhi, nilikuwa namwagia kuku pumba uani. Baba alikuwa kwenye mkeka wake hapo hapo uani, nikaketi kando yake na kuanza kumweleza upya, nikijitetea. Nilimchagua yeye kwa sababu hawezi kumwambia mtu, nasema kweli yangu. Nikamwambia baba, wewe ndiye uliyenilea gengeni, wewe unajua namba ya kwanza ni ya maongezi tu.

Akatikisa kichwa. Akanishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima.

“Moja,” akasema.

Nikadhani amepotea, namba zinamtoka tu kama kawaida. Mbili, tatu, nne. Akapita saba. Akapita ishirini, ambapo huwa anachoka. Pale thelathini na kitu ulimi ukamkwama. Nililijua neno linalofuata na lilikuwa limenijaa kinywani. Sikumpa. Akafumba macho, akavuta pumzi, akaanza tena. Moja.

Chai jikoni ilichemka ikakauka. Niliisikia harufu yake. Arobaini. Hamsini. Alikuwa anatokwa jasho kama mtu anayepandisha gunia kilimani, na mimi nilikuwa nimeacha kujitetea, nimeanza kuogopa. Hamsini na tisa. Sitini. Sitini na moja. Sitini na mbili.

Akashusha kiganja juu ya goti langu, pa! Na mdomo ukasimama.

Hakupita. Miezi yote ile alishindwa kusimama kwenye saba ya watoto wake mwenyewe, na hapo alisimama. Nikamuuliza, “Sitini na mbili, baba? Tusiongeze hata kidogo?”

Akasema, “Haitoki.”

Nikaenda ndani nikaandika barua kwa chuo. Ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Niliwaambia saa zangu ni sitini na mbili, niliandika mia na ishirini, namba hiyo si kweli, na aliyenisimamia hakuhusika. Nilitaka kuweka aya ya kueleza desturi za soko. Niliiandika, nikaisoma, nikaona ni mlango wa kutorokea, nikaikata. Nikaichukua ile barua mkononi pamoja na daftari, nikaenda Chamwino siku ambayo sikuruhusiwa, nikamkabidhi dada na kusimama mlangoni.

Alisoma barua. Akachukua fomu mpya, akaandika sitini na mbili, akasaini, akapiga muhuri, akaitia pamoja na barua yangu katika bahasha ya chuo.

“Na Jumanne?” nikauliza.

“Jumanne njoo. Lakini daftari litakaa kwangu.”

Likakaa kwake. Mtu mzima, nina shahada, naandikiwa saa zangu kama mtoto wa darasa la kwanza, na niliona ni sawa.

Jibu lilichukua miezi. Lilipofika, mume wangu ndiye aliyelisoma kwanza, mpaka chini. Mwaka huo hawakunichukua. Saa zilikuwa pungufu, na sikuwa nimesoma msingi wa namna sauti zinavyotengenezwa kinywani. Nikikamilisha saa mia, na nikifaulu kozi fupi ya kusoma kwa njia ya posta, watalifungua faili langu tena mwaka unaofuata. Kuhusu barua yangu ya pili waliandika mstari mmoja tu: wameipokea, namba imerekebishwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi au kwa sifa. Nilipewa risiti.

Msidhani nilibadilika mara moja. Wakati huo daftari la dada lilikuwa limefika saa themanini na moja, na mimi nikakaa chini nikaandika barua nzuri sana ya kuwauliza kama hawawezi kukubali themanini na moja, ikizingatiwa umbali. Mume wangu aliichukua ile barua akaikalia. Kwa kweli aliikalia, kwenye kiti, akaendelea kusoma gazeti lake.

“Zimebaki kumi na tisa,” akasema. “Si nyingi.”

Nikazimaliza. Kozi niliifanya mezani sokoni, natamka sauti mbele ya kioo cha wateja, na muuza vitenge akiwaambia watu wasiogope, jirani yake hajapandwa na kitu. Siku ilipofika saa ya mia, dada alifungua daftari akahesabu kurasa zote, kisha akazihesabu tena. Nilisikia raha tu.

Mwaka uliofuata nilikubaliwa, na ufadhili ukapatikana. Nilikwenda, darasani nikiwa mzee kuliko wote na mtu pekee mwenye shahada ya udongo. Miaka miwili. Nikarudi hapa hapa.

Sasa shukrani. Namshukuru mume wangu, aliyelea watoto wetu wawili miaka ile yote na bado hajanidai chochote, jambo linalonitia wasiwasi. Namshukuru jirani yangu wa vitenge, aliyelinda meza yangu na baadaye akairithi. Yule dada amehamishiwa mkoa mwingine. Nikimwandikia huwa naanza na neno dada ingawa ni mdogo kwangu, na nitaendelea hivyo mpaka mmoja wetu aondoke. Angeweza kunisainia tu ili aniondoe mlangoni. Angeweza pia kunifungia mlango kabisa. Alifanya lililo gumu katikati ya hayo mawili.

Mafunzo sina mengi. Biashara endeleeni nayo, na bei anzieni juu, sijaja kuwaharibia soko. Lakini pana mahali ambapo mtu wa upande wa pili hawezi kukupunguzia, kwa sababu hana sauti, au kwa sababu amekuamini. Hapo taja namba yenyewe. Na kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye maneno yamemkimbia, leo ukirudi muulize jambo moja, kisha kaa naye. Neno lake usimpe. Analo. Liko njiani.

Baba yangu yuko mstari wa mbele, yule mwenye koti la kijivu. Tangu nianze kuwashukuru watu ameinua kiganja, na ninyi mmedhani anakinga jua la dirishani. Ana jambo la kusema. Silijui, na hata ningelijua nisingewaambia. Litachukua muda. Wenye haraka ya chai, chai itabaki palepale.

Baba, karibu. Tunakungoja.